Memori ya mama haijajaa

Juzi tena. Kijana kamleta mama yake kliniki, na hata sijamaliza kusoma barua ya rufaa akaniambia, "Dokta, naona memori ya mama imejaa. Hakuna namna ya kupunguza?" Mama mwenyewe yupo hapo hapo, kikapu miguuni, anasikia kila neno.

Haijajaa. Sijawahi kuona ubongo uliojaa. Zile petabaiti 2.5 mnazotumiana kwenye magrupu, eti ndiyo nafasi ya kuhifadhi iliyomo kwenye ubongo, ni makisio ya kuzidisha seli kwa viungio vyake, hakuna aliyepima. Hilo nalipita.

Linaloniudhi ni kumbukumbu kuitwa "faili". Picha uliyoihifadhi kwenye simu mwaka 2015, ifungue leo, ifungue mara elfu, itabaki vile vile. Kumbukumbu haifunguliwi namna hiyo. Kila ukikumbuka harusi ya dada yako, ubongo unaijenga upya: sura zinatoka huku, harufu ya pilau kule, na penye pengo ubongo unajaza kinachoelekea kuwa kweli, bila kukuarifu.

Mwaka 1974, watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali. Kundi moja likaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", jingine "yalipopondana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwa walioulizwa kwa lile neno zito, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Wa neno jepesi, 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja! Na hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo mzazi aliyesema jana alikuwa sokoni na leo anasema msibani, msimwite mwongo, nawasihi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa jambo hili, kila mmoja ana hakika, kila mmoja ana moyo safi. Nami mezani kwangu sina kipimo cha kutenganisha kumbukumbu ya kweli na iliyojazwa. Hata ile hoja kwamba kumbukumbu ikiamshwa hulegea na kuhitaji kukazwa upya, mtafiti Karim Nader na wenzake waliionyesha kwa panya mwaka 2000; kwa binadamu majaribio yanakinzana, kwa hiyo simwahidi mgonjwa chochote juu yake.

Wala ghala la kumbukumbu si moja. Henry Molaison alipasuliwa huko Marekani mwaka 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi matukio mapya, pande zote mbili. Tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008, tukio jipya halikumkaa. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota akiutazama kwenye kioo, mkono wake uliendelea kuboreka siku hadi siku, na kila siku yeye aliiona kazi hiyo ni ngeni.

Nilimuuliza mama amekunywa chai na nini asubuhi. Hakujua. Kisha akatoa ukili kikapuni, akasuka huku tunaongea, macho kwangu, vidole vikichomeka mwaa mpya kila ule wa awali ulipokaribia kwisha. Hakukosea hata mmoja.

Kijana akauliza, basi amfanyie nini. Nikamwambia aache kumpokea kwa "mama, unanikumbuka?" Ataje jina lake mwenyewe, amwamkie, akae karibu naye. Na miyaa isikosekane nyumbani.