Je, wajua kwa nini wazee wa Uingereza wakistaafu wanakimbilia Uhispania? Jua ni nusu tu ya jibu

Mimi nimekulia Malindi, kwa hiyo mzee wa Kizungu mwenye kaptula na ndara, saa nne asubuhi, kikapu mkononi, anabishana bei ya kamba na mvuvi kwa Kiswahili cha kuungaunga, kwangu ni jambo la kawaida kabisa. Mji wetu vijana wa ufukweni wanakusalimia "ciao" kabla ya "mambo". Wataliano walianza kuja tangu miaka ya sitini, enzi zile wana kituo chao cha kurushia roketi hapo Ngomeni (mwaka 1967 walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililokaa baharini), wengine wakaleta marafiki, marafiki wakajenga, na leo kuna wazee hapa wamezeeka wanakunywa kahawa yao pale pale kila siku. Tulivyokuwa watoto tukiuliza kwani hawa hawana kwao, jibu lilikuwa moja tu: kwao baridi.

Sawa, kwao baridi. Lakini ukifikiria vizuri hilo jibu halitoshi, sababu kama ni jua tu basi sisi tunalo la kugawa na kubaki, sasa mbona wazee wa Ulaya walio wengi hawaji huku? Wanaishia Uhispania, Ureno, kusini mwa Ufaransa, Ugiriki. Tuchukue Waingereza maana wao ndio mfano mkubwa: Uhispania wako zaidi ya laki mbili na nusu walioandikishwa, na kama laki moja hivi kati yao wanalipwa pensheni ya serikali ya Uingereza wakiwa kule kule. Wamejaa Costa Blanca upande wa Alicante, miji kama Torrevieja na Jávea, halafu Costa del Sol upande wa Málaga, kina Fuengirola na Mijas. Kuna mitaa huko unaweza kununua mkate, kukata nywele, kumuona daktari wa meno na kusali Jumapili bila kutamka neno moja la Kihispania.

Tuanze na hilo jua, tusilidharau. London inapata kama masaa 1,600 ya jua kwa mwaka mzima, Alicante inakaribia 3,000. Na tatizo la kule si ubaridi peke yake, ni giza. Mwezi wa Disemba Glasgow jua linatoka kama saa tatu kasoro robo asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, na hapo katikati mara nyingi ni mawingu tu. Sasa piga picha una miaka 70, magoti yanauma, barabara ina barafu unaogopa kuteleza uvunjike nyonga, huna kazi ya kukutoa nyumbani, unakaa ndani siku tatu hujaongea na mtu na huku mashine ya kupasha nyumba joto inakula hela. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliandika kuhusu watu wanaoingia huzuni kila msimu wa giza ukifika na wanapata nafuu jua likirudi, kwa hiyo ni jambo linalojulikana kitabibu, mtu hajidekezi tu.

Ila hapa mtu wa Pwani lazima ucheke kidogo. Alicante mwezi wa Januari mchana ni kama nyuzi 17. Kumi na saba! Hiyo ni baridi kuliko mchana wa Nairobi mwezi wa Julai, ile Julai ambayo sisi tukipanda kwenda bara tunabeba majaketi mawili. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye nyuzi 8 na mvua, 17 na jua linawaka ni siku ya kukaa nje na gazeti. Wengi hawafuati joto kali, wanalikimbia pia, ndo maana Agosti kukiwa nyuzi 30 na zaidi baadhi yao wanapanda ndege kurudi Uingereza kusalimia wajukuu.

Sasa walifikaje huko? Hawakuamka siku moja wakachagua kwenye ramani. Walianza kama watalii. Benidorm ilikuwa kijiji cha wavuvi, miaka ya hamsini meya wao Pedro Zaragoza akaamua mji utaishi kwa utalii, akaruhusu wanawake wa Kizungu wavae bikini ufukweni, jambo ambalo kwa Uhispania ya dikteta Franco na maaskofu wake lilikuwa kesi nzito, na inasimuliwa alipanda pikipiki yake ya Vespa mpaka Madrid kwenda kumuona Franco mwenyewe ili amtetee. Bikini ikabaki, maghorofa yakapanda, ndege za kukodi zikaanza kuleta wafanyakazi wa viwandani wa Uingereza wiki mbili wiki mbili. Wale vijana wa miaka ya sitini na sabini waliokuja na watoto wao, ndio hao hao walioanza kustaafu miaka ya themanini na tisini. Mtu anarudi mahali alipokuwa na furaha. Mtaa anaujua, baa anaijua, mwenye duka anamuita kwa jina.

Halafu kuna hesabu ya nyumba, na hii naona ndo watu wengi huku hawaijui. Mzee wa Kiingereza wa kizazi kile mara nyingi alinunua nyumba kwa mkopo akiwa kijana, akalipa miaka 25, anafika kustaafu nyumba ni yake na bei imepanda mara nyingi sana. Lakini nyumba huwezi kuila. Akiiuza, akanunua nyumba ndogo Torrevieja yenye baraza na bwawa la kuogelea la kushirikiana na majirani, anabaki na hela nyingine benki. Yaani kuhama ndo njia ya kugeuza matofali kuwa pesa ya matumizi. Huku kwetu kazini ulipanga nyumba miaka thelathini, ukistaafu ndo unaenda kumalizia kujenga kwenu. Wao kinyume chake.

Lakini bado sijajibu swali, maana nyumba za bei nafuu na jua hata Kilifi zipo. Jibu langu mimi ni hili: jua ndo sababu wanayoitaja, ila kinachowaruhusu kulifuata ni makaratasi.

Angalia pensheni. Serikali ya Uingereza inakulipa pensheni yako popote ulipo duniani, hilo sawa, ila nyongeza ya kila mwaka haikufuati popote. Ukiwa Uhispania inakufuata. Ukienda Kenya, Tanzania, Afrika Kusini, Australia au hata Kanada, pensheni yako inagandishwa pale pale ilipokuwa siku uliyohama. Chukua wazee wawili waliostaafu pamoja mwaka 2000, wakati pensheni kamili ya msingi ilikuwa pauni 67.50 kwa wiki. Mmoja akahamia Alicante, mwingine akaja Diani. Mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, yule wa Alicante alilipwa 176.45 na yule wa Diani bado alipokea 67.50 zake zile zile, kama pweza aliyesahaulika kwenye friza. Walilipa michango sawa, miaka sawa. Ajabu zaidi, Marekani na Ufilipino nyongeza inaenda sababu kuna mikataba, lakini nchi nyingi zilizokuwa koloni la Uingereza haziko kwenye orodha. Kwa hiyo mzee akija huku kwetu mara nyingi ana kitu cha ziada: pensheni ya kampuni, akiba, au mke wa huku. Na Kenya yenyewe kibali cha kukaa bila kufanya kazi kinataka uonyeshe mapato ya dola 24,000 kwa mwaka, na ardhi kwa mgeni ni ya kukodi isiyozidi miaka 99 kwa katiba ya 2010.

Karatasi ya pili ni hospitali. Kuna fomu inaitwa S1, mzee anayelipwa pensheni ya serikali ya Uingereza akiipeleka Uhispania anatibiwa kwenye hospitali za umma kama Mhispania na bili inatumwa Uingereza. Ukiwa na miaka 68 na presha na moyo una kelele, hiyo fomu ina thamani kuliko bahari. Bima binafsi kwa umri huo ni moto.

Ya tatu ni haki ya kukaa. Uhispania iliingia Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1986, mwaka 1990 wakapitisha sheria ya kumpa mstaafu wa nchi mwanachama haki ya kuishi nchi nyingine mwanachama bora awe na kipato na bima ya afya, miaka ya tisini anga likafunguliwa ndege za bei rahisi zikaanza kushindana, na ghafla Manchester mpaka Alicante ni chini ya masaa matatu kwa nauli ambayo wakati mwingine ni ndogo kuliko treni ya kwenda London. Mtoto wako anaishi Scotland, wewe Birmingham, mnaonana Krismasi. Ukihamia Alicante mnaonana Krismasi vile vile, na sasa anataka kuja mwenyewe na watoto wakati wa likizo!

Serikali ya Uingereza ilifika mahali inawalipa hawa wazee hela ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, wakiwa Uhispania. Kweli kabisa. Magazeti yalipiga kelele miaka, mpaka msimu wa 2015 kuelekea 2016 wakaweka kipimo cha joto: nchi yenye majira ya baridi yasiyo makali kuliko kusini magharibi mwa Uingereza, hela hakuna. Uhispania, Ureno, Ugiriki, Cyprus, Malta zikatolewa, na Ufaransa pia, sababu kwenye wastani wake walihesabu na visiwa vyake vya tropiki kama Réunion hapo karibu na Mauritius. Mzee anayetetemeka milimani Ufaransa alikosa hela kwa ajili ya jua la Bahari ya Hindi, haya.

Ukitaka ushahidi kwamba ni makaratasi, angalia Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kipindi cha mpito kiliisha tarehe 31 Disemba 2020 na jua la Alicante siku iliyofuata lilikuwa lile lile. Waliokuwa wakaazi halali walibaki na haki zao. Ila wale wenye nyumba waliozoea kukaa kuanzia Oktoba mpaka Aprili bila kujiandikisha popote, walijikuta wanaruhusiwa siku 90 tu ndani ya kila 180. Nyumba ni yako, funguo unazo, lakini siku ya 91 uwe umeondoka. Mgeni mpya sasa anaomba viza ya mtu asiyefanya kazi, na anatakiwa aonyeshe mara nne ya kipimo cha kipato cha Uhispania, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa euro 600 kwa mwezi, yaani 2,400 kila mwezi, na 600 zaidi kwa mwenza. Pensheni ya serikali peke yake, hata ile mpya kamili, iliyokuwa pauni 230.25 kwa wiki kuanzia Aprili 2025, haifiki karibu. Hapo mlango ukafungwa kwa dereva wa basi aliyestaafu, ukabaki wazi kwa meneja wa benki.

Na si Waingereza tu. Ureno mwaka 2009 ilianzisha mpango ambao uliwawezesha wageni wengi kupokea pensheni zao za nje bila kodi, wazee wa Ufini wakamiminika, Ufini ikakasirika mpaka ikavunja mkataba wa kodi na Ureno kuanzia 2019, Sweden nayo ikafuata 2022. Wataliano wengine wanaenda Hammamet huko Tunisia ambako asilimia 80 ya pensheni ya nje haitozwi kodi. Sasa Italia yenyewe inawaita wastaafu wa nje kwenye miji midogo ya kusini kwa kodi ya asilimia 7. Japani ndo walitaka kuipanga kiserikali kabisa: mwaka 1986 wizara yao ya biashara ilitoa mpango wa kujenga makazi ya wastaafu wa Kijapani ng'ambo, Costa del Sol ikiwa mojawapo, ukapigwa vita kwamba nchi imeshauza magari na televisheni sasa inauza wazee.

Kwetu swali la kwanza mtu atakaloulizwa ni utazikwa wapi. Mzee wa bara aliyefanya kazi bandarini Mombasa miaka thelathini, jua analo, bahari anayo, na bado siku ya kustaafu anafungasha anarudi kwao. Sababu bima yake ya uzee iko kule: shamba, ndugu, kaburi la babake. Mwingereza bima yake iko kwenye fomu, na fomu inasafiri.

Inasafiri lakini haisukumi kiti cha magurudumu. Nyumba nyingi za hao wazee ziko mitaa ya kilimani yenye mandhari ya bahari, ngazi nyingi, duka lazima uende na gari. Ukiwa na 62 ni raha tupu. Ukifika 82 mume kafa, macho hayaoni vizuri huwezi kuendesha, Kihispania ni cha kuagizia kahawa tu, na hospitali za huko zinategemea ndugu kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kama tunavyofanya sisi, ila wewe ndugu zako wako masaa matatu kwa ndege. Wengi hapo ndo hurudi Uingereza, hasa wajane, na nyumba inatangazwa kuuzwa na fanicha zake zote ndani, sufuria na viti vya barazani, kwa wengine wawili wenye miaka 62.