“Mama Kaa, Sisi Tupo”: Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Wazee Wetu

Mama ana miaka 71. Tumemtoa kijijini akae nasi Dar es Salaam, tumeweka dada wa kazi, hashiki hata ufagio. Mbona miguu inazidi kumlegea?

Inamlegea kwa sababu hashiki hata ufagio. Najua mmefanya kwa mapenzi. Tumelelewa tukiamini kwamba kumheshimu mzazi ni kumpumzisha: “Mama kaa, sisi tupo.” Lakini msuli wa mtu wa miaka sabini usipotumika hunyauka haraka, na kuurudisha ni kazi ndefu kuliko kwa kijana. Kule kijijini alikuwa akichota maji, akipalilia, akitembea kwenda kanisani na kurudi. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Mlipomkalisha kwenye kochi mbele ya televisheni, yote yalikatika siku moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mwenye miaka 65 na kuendelea apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli zinazomfanya aheme kidogo lakini bado aweze kuzungumza. Ni nusu saa kwa siku tano. Juu ya hapo, siku tatu au zaidi kwa wiki afanye mazoezi ya nguvu na ya kujizuia asiyumbe. Basi mwachieni achambue mchicha, afagie uani, aende gengeni kuchagua nyanya zake. Na zoezi moja dogo: akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, kisha akae tena taratibu. Aanze na mara tano, na mtu awe karibu naye. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayomwinua kitandani na chooni. Kama kifua kinamuuma au pumzi inakatika, aonwe na daktari kwanza.

Baba ameanguka mara mbili usiku akienda chooni. Ni uzee tu?

Neno hili “uzee tu” limewanyima matibabu wazazi wengi. Duniani watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye zaidi ya miaka 60. Kila kuanguka kuna chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kinaondoleka.

Anzeni na jinsi anavyoamka. Akiinuka ghafla, presha hushuka akapata kizunguzungu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame. Kisha angalieni dawa. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kumkojosha mtu. Anayezinywa jioni huamka usiku kucha. Asiziache wala kujibadilishia saa. Aulize kliniki kama zinaweza kuhamia asubuhi. Apimwe pia sukari na tezi dume, maana vyote viwili humwamsha mtu usiku. Macho nayo yaangaliwe: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, lakini wazee wengi hukaa na giza miaka wakidhani ndiyo mwisho wa macho yao.

Sasa nyumba yenyewe. Ondoeni kandambili zilizolika soli na mkeka uliokunjamana mlangoni. Tochi ikae kando ya mto. Kama choo kiko nje, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu. Ukutani chooni fundi wa kuchomelea anaweza kufunga bomba la kushikia. Na akianguka akashindwa kusimama, au mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, msimkande wala kumvuta. Huenda nyonga imevunjika. Mpelekeni hospitali amelala.

Bibi hataki chakula, ni chai na mkate tu.

Chungulieni mdomoni kwanza: jino bovu au fizi zinazouma humfanya mtu aseme “sina njaa”. Mpeni vilaini vyenye kujenga mwili, kama yai, maharage yaliyopondwa, mtindi, uji wa karanga, dagaa waliosagwa kwenye mchuzi. Maji apewe bila kusubiri aombe, kwa sababu kiu hupungua uzeeni. Tena kaeni naye sinia moja. Akiendelea kukonda, apimwe.

Mume wangu alifariki, watoto wako mbali. Wananipigia kila Jumapili, lakini bado najiona mpweke. Ni ugonjwa?

Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Upweke si ugonjwa, lakini ukikaa muda mrefu huongeza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu. Simu ya Jumapili inakujulia hali. Ninavyoona, linalokosekana ni mtu wa kukuhitaji katikati ya wiki. Kikoba kinataka mweka hazina mwaminifu, kwaya inataka sauti ya pili, darsa la msikitini linataka anayewakumbusha wenzake. Usingoje kualikwa, omba kazi. Pima na masikio, kwa kuwa wapo wanaojitenga barazani kwa kutosikia vizuri tu. Ukiona usingizi umekimbia kwa wiki mbili, hamu ya kula imekwisha, au unatamani kufa, nenda kituo cha afya. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, hutibika hata uzeeni.

Bibi yetu anasahau, hutoka usiku akizungumza peke yake. Macho yake ni mekundu, na majirani wameanza kunong’ona kuwa ni mchawi.

Msilichukulie jambo hili kama umbea. Usukumani, na vilevile Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hii, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotamaniwa. Macho mekundu ni kazi ya moshi: miaka hamsini ya kupulizia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Kusahau na kutangatanga usiku ni dalili za demensia, ugonjwa wa ubongo, na ni vema majirani wasikie hilo kutoka kwa mhudumu wa afya mnayemwamini. Ila kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au dawa mpya huweza kumfanya hivyo, na hutibika.

Leo hii asilale peke yake. Mweleze mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, na kama kuna aliyemtishia, nendeni polisi mkamtaje. Shamba lake lisiuzwe wala kugawanywa wakati huu. Kesho toboeni dirisha jikoni, kisha mrudisheni kati ya watu, kwenye misiba na harusi, mkiwa mmemshika mkono.