Mradi wa sanaa kuhusu uhuru katika maktaba ya jamii ni nini?

Ni kazi ya pamoja inayowakutanisha watu wa mtaa, watoto kwa wazee, ndani ya maktaba yao, wachore, watunge mashairi, waigize au warekodi simulizi kuhusu uhuru. Kila mshiriki anaulizwa uhuru wake unafika wapi na unakwamia wapi, katika maisha anayoishi leo. Nairobi swali hilo lina uzito wake. Tuna Uhuru Park, Uhuru Highway na sikukuu ya Jamhuri kila tarehe 12 Desemba, hivyo ni rahisi mtu kudhani kwamba mambo ya uhuru yalimalizwa 1963.

Mbona maktaba? Tazama maktaba ya McMillan, pale Banda Street, na zile sanamu za simba mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Kwa miaka mingi ya kipindi hicho, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande: hati yenye alama za vidole vyake na maelezo ya mwajiri wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Msomee kijana habari hizi naye ataitikia kwa kichwa. Mpe gundi na katoni atengeneze kikasha cha ukubwa uleule, akivae mchana kutwa kikimgonga kifuani, kisha aandike yeye leo hudaiwa kuonyesha nini ndipo aruhusiwe kupita. Hapo mazungumzo huchukua sura nyingine. Ndiyo kazi ya sanaa katika mradi wa namna hii, na binafsi sioni njia bora kuliko hiyo.

Uhuru una pande mbili, na maktaba huzionyesha zote. Upande wa kwanza ni kutozuiwa: mwaka 1958 kizuizi cha rangi kiliondolewa McMillan. Upande wa pili ni uwezo. Mtoto wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, asiye na nauli ya kufika mjini, au asiyejua kusoma, hazuiwi na yeyote, ila kitabu bado hakipati. Mwanauchumi Amartya Sen ametetea kwa miaka mingi kwamba uhuru upimwe kwa yale mtu anayoweza kweli kuyafanya. Kwa hiyo matawi ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara, hukohuko Eastlands, ambayo shirika la Book Bunk limeyakarabati, ni sehemu ya hoja yenyewe: yako karibu na watu, yanafikika kwa miguu.

Zoezi jingine ninalolipenda ni la ramani. Kila mtoto hupewa karatasi ya manila achore njia yake kutoka nyumbani hadi maktabani: kibanda cha mboga, mtaro, kituo cha matatu. Kisha hupaka nyekundu pale anapoogopa kupita. Zikibandikwa ukutani bega kwa bega, mara nyingi ramani za wasichana huwa na wekundu usioonekana kwenye za wavulana wa ploti ileile. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Ukuta ule unawaonyesha wazazi na chifu ni kona gani hasa uhuru huo haujafika, na ni taa ipi ya barabarani inayohitaji kutengenezwa.

Kuna sharti moja ambalo waandaaji hulisahau upesi. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, na inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Isichokilinda ni mambo kama uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Mradi ukichagua michoro ya bendera na njiwa peke yake kwa sababu mgeni rasmi anakuja, na kuficha shairi la kijana aliyekamatwa bila kosa, umewanyima washiriki kile kile unachodai kukichunguza. Basi kila kazi ipate nafasi ukutani, iwe ya Kiswahili, Kikamba, Kisomali au Sheng, na atakayetaka kuficha jina lake au kwenda na kazi yake nyumbani aruhusiwe bila kuulizwa sababu.