Msamaha kwa wasio na makaratasi Marekani: mfuko upi unalipa?

Chukua mpishi mmoja wa mgahawani, mjini Houston. Makaratasi ya kuishi nchini hana, ila karatasi ya mshahara anayo, kila Ijumaa. Namba ya hifadhi ya jamii aliyompa mwajiri ni ya kununua. Analipwa dola 600 kwa wiki, na kabla hazijamfikia mkononi zimeshakatwa dola 37.20 za pensheni na dola 8.70 za bima ya afya ya wazee. Mwajiri naye anaongeza kiasi hichohicho. Jumla ni dola 91.80 kila wiki kwenda Washington, kwa pensheni ambayo mpishi huyu, akibaki bila makaratasi, hataionja. Wataalamu wa hesabu wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani walikadiria kuwa kwa mwaka 2010 pekee, wafanyakazi wa aina hii na waajiri wao waliuachia mfuko ziada ya takriban dola bilioni 12.

Sasa vuka barabara uingie shule ya msingi ya mtaa huo. Watoto wa mpishi wako darasani, na hakuna wa kuwatoa. Zamani wilaya ya shule ya Tyler, hukohuko Texas, iliwatoza watoto wasio na makaratasi dola 1,000 kwa mwaka. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ilisema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa kosa la mzazi. Mshahara wa mwalimu, dawati na basi la njano hulipiwa zaidi na jimbo na wilaya, kwa kodi za mauzo na za majengo. Mpishi anachangia pia, kila akinunua sabuni na kila akilipa pango, maana mwenye nyumba haachi kuipenyeza kodi yake humo. Lakini kwa kipato cha dola 600 kwa wiki, mchango huo haufikii gharama ya kusomesha hata mtoto mmoja. Na zile 91.80 zimeshapanda ndege.

Nafundisha fedha za umma, na kila muhula lazima mwanafunzi aniulize: wahamiaji hawa ni faida au hasara? Huwa namjibu kwa swali: kwa mfuko wa nani? Mwaka 2016 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa hesabu ya wahamiaji wote, wenye makaratasi na wasio nayo. Kizazi cha kwanza pamoja na wategemezi wao kiliyagharimu majimbo na serikali za mitaa dola bilioni 57.4 kwa mwaka, kwa wastani wa 2011 hadi 2013. Watoto wao waliokwisha kukua na kuingia kazini walirudisha ziada ya bilioni 30.5. Anayetaka kutisha anakusomea namba ya kwanza, anayetaka kutetea anakusomea ya pili.

Mchezo huo ulichezwa hadharani mwaka 2013, Seneti ilipopitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 muswada wa kuwahalalisha wasio na makaratasi. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi ilikuwa imesema muswada, kabla ya marekebisho ya mwisho ya Seneti, ungepunguza nakisi ya serikali kuu kwa dola bilioni 175 katika miaka kumi ya mwanzo. Taasisi ya Heritage, ya mrengo wa kihafidhina, ikasema msamaha ungegharimu dola trilioni 6.3. Ofisi ya Bajeti ilitazama mfuko wa serikali kuu tu, na iliingiza kodi za wafanyakazi wapya ambao muswada ungewafungulia mlango wa halali. Heritage ilibeba maisha yote ya watakaosamehewa, uzee na matibabu yake yakiwemo, na mifuko ya majimbo juu yake. Nikilazimishwa kuchagua, naiamini zaidi hesabu ya Ofisi ya Bajeti, kwa sababu makadirio ya nusu karne yanategemea mno dhana za anayekadiria. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura muswada huo.

Msamaha mkubwa uliowahi kutekelezwa ni wa Ronald Reagan, kwa sheria aliyoisaini Novemba 6, 1986. Dirisha la wengi lilikuwa la mwaka mmoja, kuanzia Mei 1987, kwa aliyeweza kuthibitisha kuwa ameishi nchini bila ruhusa tangu kabla ya Januari 1, 1982. Hebu fikiria: mtu aliyekaa miaka akikwepa kuacha alama, ghafla anatakiwa kuleta risiti za pango, bahasha zenye muhuri wa posta, barua ya mwajiri. Ada ilikuwa dola 185 kwa mtu mzima. Vibarua wa mashambani walikuwa na dirisha lao, lenye masharti mepesi zaidi, na huko maombi yalifurika hadi karibu milioni 1.3, mengine ya kughushi waziwazi. Mwishoni watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi.

Waliotunga sheria hiyo walijua habari ya mifuko miwili. Waliwafungia waliosamehewa misaada mingi ya serikali kuu kwa miaka mitano, kisha wakayatengea majimbo dola bilioni 4 za kufidia shule, hospitali na mengineyo. Baadaye Kongresi ileile ikawa inaziahirisha na kuzimega fedha hizo.

Penye kasoro hasa palikuwa kwa waajiri. Msamaha uliuzwa kwa ahadi kuwa anayeajiri asiye na ruhusa ataadhibiwa. Mwajiri alitakiwa kujaza fomu na kuangalia vitambulisho vinavyoonekana ni vya kweli. Vinavyoonekana! Hakulazimika kuvihakiki popote, na biashara ya vitambulisho vya bandia ikanoga. Wala haikufunguliwa njia ya halali ya kutosha kwa vibarua ambao mashamba na majiko yaliendelea kuwahitaji. Mwaka 1990 wasio na makaratasi walikadiriwa kuwa milioni 3.5. Kufikia 2007 walikuwa milioni 12.2.

Wasomaji wenye ndugu huko watanivumilia nikisema hili. Ujumbe wa “msamaha mpya, lipia fomu mapema” unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni utapeli. Msamaha wa namna ile lazima upitishwe na Kongresi, na tangu 1986 haijapitisha mwingine wa ukubwa huo.

Kilichobaki kwenye vitabu ni kifungu kidogo cha mwaka 1929 kinachomruhusu aliyekaa muda mrefu, mwenye mwenendo mwema, kuomba ukaazi. Tarehe ya mwisho ya kuingia ilikuwa ikisogezwa mbele kila baada ya miaka kadhaa: 1921, 1924, 1940, 1948. Sheria ya Reagan iliisogeza hadi Januari 1, 1972, na hapo ndipo ilipo mpaka sasa. Mtoto mchanga aliyevushwa mpaka mgongoni mwa mama yake Desemba 1971 bado anaweza kuomba, akiwa ameshapita miaka 50. Aliyevushwa Februari iliyofuata, kifungu hicho hakimhusu.