Je, wajua kwa nini kalenda ya kazini husema una nafasi wakati huna?

Niliandika "Likizo" kwenye kalenda yangu ya kazini wiki mbili kabla, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumanne asubuhi simu ikalia: wenzangu walikuwa kikaoni wakinisubiri. Aliyeitisha kikao hakuwa na kosa. Alipotafuta muda wangu, programu ilimwonyesha mstari mweupe mtupu, kutwa nzima. Inakuwaje kalenda iliyoandikwa likizo iseme mtu yupo?

Jibu ni kwamba programu inayotafuta nafasi haisomi neno "Likizo". Inaangalia alama moja ndogo iliyobandikwa kwenye kila tukio. Kalenda nyingi hubadilishana taarifa kwa kiwango kiitwacho iCalendar, kilichotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Ndani yake kuna kipengele cha TRANSP, na thamani zake ni mbili tu: OPAQUE na TRANSPARENT. Ya kwanza ni ukuta, muda umezibwa. Ya pili ni kioo: tukio unaliona, lakini muda ulio nyuma yake bado uko wazi. Kwenye skrini alama hiyo huitwa "Nina shughuli" au "Nina nafasi".

Tukio la siku nzima, katika programu nyingi, Outlook ikiwemo, huanza likiwa kioo. Sababu yake ni ya maana: matukio ya namna hiyo mara nyingi ni sikukuu au siku ya kuzaliwa ya mtu, na hayo hayamzuii mtu kukaa kikaoni. Likizo yangu ilihesabiwa kundi moja na siku za kuzaliwa. Dawa ni kufungua tukio lenyewe na kubadilisha alama iwe "Nina shughuli" au "Nje ya ofisi".

Kinyume chake pia hutokea, unaonekana umebanwa wakati umekaa bure. Hapo tafuta vikumbusho ulivyovipa saa nzima ilhali ni kazi ya dakika mbili, au vikao vya kila wiki ambavyo watu walishaacha kuhudhuria lakini hakuna aliyevifuta.

Wakati mwingine alama ni sahihi, ila tukio limekaa kalenda nyingine. Miadi ya daktari iko kwenye kalenda yako binafsi, na programu ya ofisini inasoma ile kuu ya kazini peke yake. Ukiiunganisha kwa kiungo, usitegemee mabadiliko yaonekane papo hapo. Kwenye Google Calendar, kalenda iliyoongezwa kwa kiungo huweza kuchukua hadi nusu siku, saa 12, kabla ya kuonyesha mabadiliko.

Kisha kuna saa za eneo, na hapa ndipo watu makini hunaswa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya husubiri hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Katikati hapo, tofauti ya New York na London hushuka kutoka saa tano hadi nne. Kikao cha kila wiki hufuata saa za eneo la aliyekiandaa, kwa hiyo kwa wengine kinahama kwa saa moja bila mtu kukigusa, na pengine kinaangukia juu ya kikao kingine. Hakikisha pia kompyuta na akaunti ya kalenda zimewekewa eneo moja, na kwamba saa zako za kazi zimeandikwa kwa eneo hilo.

Wengi wakiona kosa hukimbilia kufuta akaunti na kuiunganisha upya. Naona ni kujichosha, maana alama zilezile hurudi nayo. Mwombe mwenzako akutumie picha ya anachokiona yeye, kwa sababu wewe mwenye kalenda huonyeshwa kila kitu na huwezi kuona pengo lake. Chagua saa moja tu iliyokosewa, tafuta tukio lililopaswa kuwa hapo, kisha uliza: alama yake ni ipi, liko kalenda ipi, kwa saa za eneo lipi?

Ndivyo nilivyofanya ile Jumanne. Nikaigeuza likizo kuwa "Nje ya ofisi", mwenzangu akafungua upya ukurasa wake, na mstari uliokuwa mweupe ukawa umejaa rangi hadi Ijumaa jioni.