Manjano si panadoli

Kuna sentensi moja nikiisikia tena nitaweka mwiko chini nikauze mitumba: "Chakula cha Kihindi ni dawa, si kina manjano?" Safari hii imetoka kwa mteja aliyekuwa amemaliza kuku wa siagi na naan mbili zilizopakwa samli, akaniita mezani kuniomba siku nyingine nimzidishie manjano kwa sababu mafua yamemkaba. Nilitabasamu, maana kazi yenyewe inadai tabasamu. Hapa silazimiki.

Tuanze na lililo jepesi. Hakuna chakula kimoja cha Kihindi. Tulichokizoea huku kwetu kimeingia kwa milango miwili: majiko ya nyumbani ya watu wa Gujarat na Kutch waliohamia mwambao huu, na menyu ya mgahawani, ambayo ni Punjab iliyopitia Delhi. Menyu hiyo ina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. India ilipogawanywa mwaka 1947, wakimbizi kutoka Peshawar na Punjab waliingia Delhi na ujuzi wao wa tanuri, wakafungua migahawa kama Moti Mahal pale Daryaganj, na huko ndiko kuku wa siagi alikopatia umaarufu. (Nani hasa alimbuni ni kesi. Mwaka 2024 migahawa miwili ilifikishana Mahakama Kuu ya Delhi kwa ajili yake, na mimi sina haraka ya hukumu.) Ni chakula kitamu, nakipika, kinanilipia kodi ya nyumba. Lakini nionyesheni bibi mmoja wa Kerala anayemlisha mgonjwa krimu, siagi na korosho za kusaga.

La pilipili nalo nalipitia mbio. Pilipili nyekundu ilitoka Amerika na kuletwa na Wareno, baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498. Nyanya na viazi asili yake ni huko huko Amerika. Charaka, ambaye kitabu chake ni miongoni mwa misingi ya Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, hakuwahi kuonja hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ukali alioujua ulikuwa wa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Kwa hiyo anayekuuzia "mchuzi mwekundu wa tiba wa miaka elfu tano", mwulize nyanya alizitoa wapi.

Sasa manjano. Hapa mnivumilie.

Kinachosifiwa ndani ya manjano ni kurkumini. Unga wa kawaida unayo takriban asilimia 3. Manjano ya Lakadong, kutoka vilima vya Meghalaya huko kaskazini-mashariki, hufika asilimia 7 hivi, na wanaoyauza wana haki ya kujigamba. Piga hesabu. Sufuria ya dal, mchuzi wa dengu, ya watu sita natia nusu kijiko cha chai, kama gramu moja na nusu. Kurkumini iliyomo ni miligramu 45, kila mtu anaondoka na 7 na ushee. Majaribio yanayotajwa kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi huwapa watu gramu nzima, pengine mbili, tena ya kurkumini iliyokwisha kukamuliwa. Kuifikia gramu moja kwa unga wa dukani unahitaji zaidi ya vijiko kumi vya chai kwa siku. Mchuzi wa namna hiyo ni mchungu, unakwaruza ulimi, na haupikwi jikoni kwangu hata ukija na cheti cha hospitali.

Hapo mjuaji hunikatiza: "Lakini ukichanganya na pilipili manga!" Najua. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore waliwapa watu gramu mbili za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ile inayofanya pilipili manga iwashe, wakaona kiasi kinachoingia kwenye damu kimepanda kwa asilimia 2000. Namba hiyo imezunguka dunia nzima, na kila anayeirudia anaacha mambo mawili njiani. Bila piperini, kilichopatikana kwenye damu kilikuwa karibu na hakuna, na karibu na hakuna ukiizidisha mara ishirini bado hujapata cha kumtangazia jirani. Tena walipima damu tu. Hawakupima nani amepona nini. Mwaka 2017 wanakemia walioandika mapitio marefu kwenye Journal of Medicinal Chemistry walihitimisha kwamba kurkumini huvunjika upesi, haifyonzwi vizuri, na kwamba hakuna jaribio la wagonjwa lililofanywa kwa masharti makali ya kitabibu ambalo lilikuwa limefaulu. Wapo waliowapinga. Mimi ni mpishi, siwezi kuamua ugomvi wa maabara, lakini najua kusoma kipimo.

Mwingine huniletea kesi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kama turufu ya mwisho. Mwaka 1995 kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi kilipewa hataza ya Marekani ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti la India, CSIR, likapinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Watu wanasema: unaona, hata Marekani imekiri ni dawa! Haikukiri chochote. Hataza ilifutwa kwa sababu jambo lenyewe halikuwa jipya. CSIR iliwasilisha maandishi ya zamani kuonyesha kwamba India walikuwa wakilifanya tangu kale, basi. Kama kidonda kilipona au hakikupona si swali lililoamuliwa pale. Na tafadhali zingatia neno vidonda. Si mafua, si sukari, si mgongo wa shangazi yako.

Vidonge ni habari nyingine, tena ya hatari zaidi. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza wagonjwa kadhaa waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. Piperini nayo inaweza kulichelewesha ini kuondoa dawa nyingine mwilini, kwa hiyo mwenye dawa za kila siku amwone daktari kabla hajaanza kumeza vitu vya njano. Na kama afya ndiyo inayokuhusu, uliza kwanza manjano yako yametoka wapi. Bangladesh, na hata sehemu za India, yamekutwa manjano yaliyong'arishwa kwa kromati ya risasi, ambayo ni sumu. Usidhani kununua mizizi mizima kunakuokoa: huko Bangladesh ni mizizi yenyewe iliyokuwa ikisuguliwa kwa rangi hiyo ili ivutie. Mimi huuogopa mzizi wenye njano ya kupiga kelele, nachukua uliofifia.

Mbona basi naitia? Kwa sababu ya rangi, kwa sababu ya ile harufu nzito inayokaa chini ya nyingine zote, na kwa sababu dal isiyo na manjano inafanana na maji ya kuoshea vyombo. Sababu hizo zinanitosha kabisa.

Akili ya majiko ya India haimo kwenye kiungo kimoja. Tazama wanavyounga. Dal imekwisha kuiva, ndipo samli inapashwa moto pembeni, haradali inarukaruka, bizari nyembamba inaingia, majani ya kari patta, chembe ya mvuje, na vyote vinamwagwa juu ya sufuria vikiwa bado vinachacharika. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana kijiko kimoja kilichoungwa sawasawa hushinda vinne vilivyotupwa kwenye mchuzi unaochemka. Mafuta yenyewe hubadilika kwa eneo: ya haradali Bengal na Kashmir, ya nazi Kerala, ya ufuta kwa Watamil, ya karanga Gujarat. Ukibadilisha mafuta umehama jimbo.

Huo mvuje nao una mambo yake. Ni utomvu unaonuka, watu wa pwani wanaujua kwa kuwakinga watoto na mabaya zaidi kuliko kwa kupikia. Wahindi wengi watakwambia unatiwa kwenye dengu na mbaazi ili tumbo lisijae gesi. Je, ni kweli? Nautia kila siku, na daktari akinibana sina cha kumwonyesha. Ninachokiona ni kwamba wanaoutegemea zaidi ni Wajaini na Mapandit wa Kashmir, ambao jadi yao haitumii vitunguu maji wala vitunguu saumu, na mvuje ukigusa mafuta ya moto hutoa harufu ya vyote viwili. Nashuku utamu ulikuja kwanza, hadithi ya gesi ikafuata nyuma. Wapishi wenzangu wa Kihindi hawapendi nikisema hivyo.

Nikiumwa mimi sipiki chochote kilicho kwenye menyu yangu. Napika khichdi: mchele na choroko zilizokobolewa, maji mengi, chumvi, manjano kidogo, mpaka punje zinakata tamaa, halafu samli juu. Wagujarati huila na mchuzi wa mtindi uitwao kadhi, Wabengali huipika mvua ikinyesha na kuweka samaki wa kukaanga pembeni, Watamil wana pongal yao yenye pilipili manga nzimanzima. Lisini na methionini ni vijenzi vya protini: mchele una upungufu wa lisini, choroko zina upungufu wa methionini, kimoja kinaziba pengo la kingine. Ni laini, ina maji, ina protini. Hakuna muujiza hapo, na mgonjwa hahitaji muujiza kwenye sahani, anahitaji kitu kisichorudi juu.

Yule bwana wa mafua alistahili rasam: maji ya mbaazi zilizochemshwa, ukwaju, pilipili manga ya kutwanga, bizari nyembamba, kari patta. Haiui kirusi. Inakunywesha maji ya moto yenye chumvi na kuzibua pua kwa kitambo. Aliyewahi kulala na pua zote mbili zimeziba anajua thamani ya kitambo hicho.

Ukitaka kitu ambacho hata mtu wa maabara hatabishana nacho sana, chukua idli. Mchele na dengu za urad zimelowekwa, zikasagwa, zikalala usiku kucha. Bakteria, miongoni mwao Leuconostoc mesenteroides, huutia uchachu na gesi mpaka unga unaumuka bila hamira. Uchachu huo hupunguza faiteti, vile vitu vinavyoshikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe, kisha idli inapikwa kwa mvuke bila tone la mafuta. Watu wanaipita kwenye menyu wakitafuta "kitu cha tiba". Haina rangi ya kuvutia, ni nyeupe tu.

Kisha kuna mpangilio. Mlo wa Kibengali wa heshima huanza na kichungu, shukto yenye karela, na majira ya kuchipua majani hutangulia majani machanga ya mwarobaini yaliyokaangwa. Kerala, katika mwezi wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, mvua zinapomwagika, watu hunywa uji wa mchele wa njavara wenye uwatu, bizari nyembamba na tui la nazi, na wengi huacha nyama mwezi huo. Wanasema mitishamba inajenga mwili. Mimi nadhani kazi kubwa inafanywa na kule kuacha vizito na kula chepesi cha moto kwa wiki kadhaa, ila sina namna ya kuvitenganisha viwili hivyo, na uji ni mtamu, kwa hiyo sijajisumbua.

Ayurveda naitumia kwa namna yangu. Ladha zake sita, tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi, ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyofundishwa cha kupanga mlo. Vyakula vingi vya mgahawani havina chungu wala kakasi, ndiyo maana unashiba kabla hujaridhika. Lakini Ayurveda hiyo hiyo inakataza samaki na maziwa pamoja, na Mbengali anakupikia samaki kwa mtindi siku ya harusi na wageni wanarudi nyumbani salama.

Na kuna namba ambayo sipendi kuitaja mbele ya wateja. Utafiti mkubwa wa India uitwao ICMR-INDIAB, uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria Wahindi wenye kisukari kuwa milioni 101, asilimia 11.4 ya watu wazima. Nyumba zao hazikuishiwa manjano. Wali mweupe mwingi, sukari, mafuta ya kukaangia na kukaa kutwa havizuiwi na kijiko cha unga.

Migahawa ya hadhi ya juu imechangia kuchanganya mambo, ingawa mimi mwenyewe humo ndimo ninamolia ugali. Nyota za kwanza za Michelin, ule mwongozo unaopima migahawa, kwa wapishi wa Kihindi, Vineet Bhatia na Atul Kochhar, zilikuja London mwaka 2001. Mwaka 2025 Trèsind Studio ya Dubai imepata nyota tatu, ya kwanza kwa mgahawa wa Kihindi popote. Semma, New York, imepewa nyota kwa chakula cha vijijini cha Kitamil, konokono wa mashambani wakiwemo. Nafurahi kuliko ninavyoweza kusema, maana hatimaye majimbo yameingia mlangoni bila kujificha nyuma ya kuku wa siagi. Kinachonikera ni vibandiko vya tiba vinavyofuata nyuma. Nimeona rasam ikimiminwa kwenye glasi ya kokteli, moshi ukifuka, mhudumu akieleza kwamba inasafisha ini. Ini hujisafisha lenyewe. Rasam ile ilikuwa nzuri sana, ilihitaji kunyamaziwa tu.

Mnaouliza kama khichdi ipo kwangu: ipo, chini kabisa ya menyu, na wanaoiagiza ni wazee wa Kihindi na mhudumu wangu mmoja mwenye vidonda vya tumbo. Mwenye mgahawa anataka niitie uyoga wa kuagizwa kutoka nje ili apandishe bei mara tatu. Bado tunabishana.