Minara ya kos kati ya Agra na Lahore: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetoka Delhi kwenda Agra kuitazama Taj Mahal hupita karibu na minara ya matofali iliyosimama peke yake, mingine mashambani, mingine imebanwa na nyumba na viwanda vya Faridabad. Watu wengi wa Afrika Mashariki wameshapita njia hiyo. Delhi na viunga vyake ndiko wagonjwa wetu wengi wanakokwenda kutibiwa na vijana wetu kusoma, na ikipatikana siku ya mapumziko, safari huwa ni ya Agra. Minara hiyo hawaoneshwi, na wakioneshwa huambiwa habari nusunusu. Inaitwa minara ya kos: alama za masafa za barabara kuu za dola ya Wamughali, kila mmoja ukihesabu kos moja ya safari, kipimo cha zamani cha masafa cha India. Kwangu hakuna jengo la India linalofundisha zaidi kwa matofali machache kiasi hicho, ndiyo maana inaniuma kuona linavyoelezwa vibaya.

Dhana: ni mabaki ya misikiti, na ndani kuna ngazi.

Umbo ndilo linalowapoteza watu. Mnara wa kos una urefu wa mita 9 hivi. Kwa kawaida nusu ya chini ina pande nane na nusu ya juu ni duara linalopungua unene kuelekea kileleni. Mtu akiuona kwa mbali hufikiri mwadhini alikuwa akipanda humo. Lakini uzunguke taratibu: hutapata mlango, dirisha wala tundu la ngazi. Umejengwa mzito hadi ndani, matofali juu ya matofali. Pale lipu ilipobanduka utayaona hayo matofali yenyewe, membamba na madogo kuliko ya leo, yamelazwa katika udongo wa chokaa mnene. Mtu aliyewahi kuzitazama kuta za zamani za Lamu au Kilwa atayatambua mara moja makovu ya chokaa iliyopigwa na mvua miaka mingi.

Wanaosema waliwahi kupanda mnara wa kos huenda wanauchanganya na Hiran Minar wa Fatehpur Sikri, mji wa Akbar, mfalme wa Wamughali, ulio karibu na Agra. Huo ni mrefu zaidi, umepambwa kwa pembe za tembo za mawe, na kweli una ngazi ndani.

Dhana: ndiko vilikotundikwa vichwa vya wezi.

Hapa mambo mawili ya kweli yamechanganywa na la tatu. Ni kweli kwamba Delhi, mtaa wa Hauz Khas, kuna Chor Minar, mnara wa karne kadhaa kabla ya Wamughali, wenye matundu mengi ukutani ambayo yanasemekana yalikuwa ya kuwekea vichwa vya waliouawa kwa wizi. Ni kweli pia kwamba Peter Mundy, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyesafiri kutoka Agra kwenda Patna mwaka 1632, aliona njiani minara iliyopachikwa vichwa vya watu, akaichora. Minara hiyo ilijengwa kutisha wanyang'anyi na waasi. Ya kos ilikuwa na kazi nyingine kabisa, na ukuta wake hauna matundu ya namna hiyo.

Kilichopachikwa kwenye baadhi ya minara ya barabara ya Agra hadi Ajmer, kwa amri ya Akbar, ni pembe za paa na kulungu aliowawinda maishani mwake. Badauni, mwanazuoni wa baraza lake aliyekuwa akiandika historia kwa siri, hakufurahishwa. Aliona afadhali mfalme angejenga bustani au nyumba za wageni. Namwelewa, ila kwa hili sikubaliani naye. Msafiri alihitaji pa kulala, na alihitaji pia kujua amebakiza safari ya kiasi gani kabla giza halijaingia.

Dhana: yote ilijengwa na Sher Shah Suri.

Sher Shah, mfalme wa Kiafghani aliyewapokonya Wamughali utawala kwa muda, alitawala miaka mitano tu, 1540 hadi 1545, na sifa ya barabara anastahili. Wanahistoria wa zama zile wanamtaja kwa nyumba za wageni 1,700, moja kila baada ya kos mbili, zenye sehemu za Wahindu na za Waislamu, na miti ya kivuli kandokando ya njia. Lakini amri za minara zilizoandikwa waziwazi ni za waliomfuata. Akbar aliagiza ya Agra hadi Ajmer mwaka 1575. Mwanawe Jahangir aliandika katika kumbukumbu zake kwamba, baada ya kupandisha miti barabarani, ameamuru kutoka Agra hadi Lahore pasimamishwe mnara kila kos moja, na kichimbwe kisima kila kos tatu. Hiyo ilikuwa mwaka 1619.

Wazo lenyewe ni la kale zaidi. Mgiriki Megasthenes, aliyekaa kwenye ufalme wa Wamaurya wa India ya kale karne ya nne na ya tatu kabla ya Kristo, alieleza nguzo za barabarani zilizoonesha masafa na njia panda. Ashoka, mfalme wa Wamaurya hao, naye alichonga kwenye nguzo zake habari za visima na miti ya mibanyani kwa ajili ya watu na mifugo.

Dhana: kos moja ni kilomita 3.

Hii utaikuta kila mahali, na ndiyo inayovuruga hesabu ya wengi wanaotaka kuutafuta mnara unaofuata. Kos haikuwa na urefu mmoja. Ilibadilika kwa mkoa na kwa mfalme. Akbar ndiye aliyeiwekea kipimo rasmi: gaz 5,000, na gaz yake ya Ilahi hukadiriwa kuwa sentimita 83 au 84. Zidisha, utapata kilomita 4.2 hivi. Katika karne ya 19 minara iliyobaki kati ya Delhi na Agra ilipopimwa umbali wake kutoka mmoja hadi mwingine, wastani ulikuwa karibu kiasi hichohicho.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Watu waliopima kwa kamba na fito, bila chombo chochote tunachokitegemea leo, waligawa mamia ya kilomita kwa vipande vya karibu sawa, na kipimo chao bado kinasomeka ardhini. Kwa kos hiyo, njia ya Agra hadi Lahore kupitia Delhi ingehitaji minara kama 150. Ukifuata hesabu ya kilomita 3 utautafuta mnara pasipokuwa nao, kisha utahitimisha kwamba umebomolewa.

Dhana: iliandikwa majina ya miji na masafa.

Minara hii kwa kawaida haina maandishi. Msafiri alihesabu mwenyewe minara aliyopita. Kwa wasafiri wengi wasiojua kusoma, hesabu hiyo ilitosha, na urefu wa mnara ulisaidia uonekane katika vumbi la misafara.

Dhana: barabara kuu ya leo ndiyo ile ile.

Barabara ya sasa hufuata mwelekeo wa zamani, ila imenyooshwa na kuhamishwa mara nyingi. Ndiyo sababu baadhi ya minara iko katikati ya shamba la ngano, mbali na lami. Watu husema ilijengwa pabaya, kumbe yenyewe imebaki palepale na njia ndiyo iliyohama. Ukiunganisha minara miwili au mitatu kwa mstari unaipata barabara ya karne ya 17 ilikopita. Tangu 1947 mstari huo umekatwa na mpaka: ya upande wa Lahore iko Pakistan, ikiwemo iliyo karibu na Wagah, na iliyosalia iko India.

Dhana: ukiona mmoja umeiona yote, na lazima uende mbali.

Mnara mmoja peke yake ni kweli hauna mengi ya kuonesha. Jitahidi uone miwili inayofuatana, kisha uiwazie safari ya mguu katikati yake chini ya jua la Mei. Wa kwanza ni rahisi: uko ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi, jirani na ngome ya Purana Qila. Bustani hufungwa Ijumaa, kama ilivyo Taj Mahal, kwa hiyo panga siku nyingine. Kutoka hapo fuata njia ya Agra kupitia Faridabad. Jimbo la Haryana, ambamo Faridabad imo, ndilo lenye minara 49 iliyotambuliwa. Mingi haina tiketi wala mlinzi, ni uzio mdogo na kibao cha bluu cha idara ya mambo ya kale. Miezi ya Desemba na Januari ukungu wa asubuhi ni mzito sana, hivyo ondoka jua likishapanda.

Usiuparamie na usichokonoe lipu. Sheria ya India inakataza ujenzi mpya ndani ya mita 100 za kumbukumbu iliyolindwa, na mita 200 zinazofuata ni za kuomba kibali. Hata hivyo baadhi ya minara leo imezungukwa na kuta za watu mpaka haifikiki bila kupita uani kwao. Ukikuta hali hiyo, bisha hodi uombe ruhusa.